Kumsoma Chaza: Namna ya Kutambua Uzima na Ugonjwa Wake katika Tangi la Matumbawe

Mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kufika. Nimeombwa nizungumzie namna ya kutambua kama chaza anayefugwa katika tangi la matumbawe nyumbani ni mzima au anaumwa, nami sina budi kuanza kwa kukiri kosa. Chaza wa kwanza niliyemnunua nilimchagua kwa kuwa alikuwa amefunguka kuliko wenzake wote waliokuwa mbele yangu, nikadhani huo ndio uchangamfu. Siku ya 4 alikuwa amekufa.

Kosa langu litaeleweka mkilijua umbo la gamba lake. Vipande viwili vya gamba vimeunganishwa kwa nyuma na kano inayonyumbuka, na kazi ya kano hiyo ni kuvisukuma vifunguke. Msuli mnene ulio ndani ndio unaovivuta vifungwe. Kwa hiyo kufunguka kwa gamba hakumgharimu chaza nguvu yoyote, ila kujifunga ndiko kunakotaka nguvu, na ndiyo maana maiti ya chaza huwa wazi daima. Nilichokiona siku ile kilikuwa ni kuachama, yaani hali ya mnyama ambaye msuli wake umeanza kushindwa na kano.

Chaza ninaowazungumzia ni wale wa jenasi ya Tridacna, yaani chaza wakubwa wa matumbawe, hasa T. maxima, T. crocea, T. squamosa na T. derasa. (T. gigas, anayeweza kupita mita 1 kwa urefu na kilo 200 kwa uzito, tumwachie bahari.) Wote hutandaza nje ya gamba nyama laini yenye rangi, ambayo leo nitaiita joho. Ndani ya joho huishi mwani mdogo usioonekana kwa macho, uitwao zuzanthela, unaotumia mwanga kutengeneza sukari na kumgawia mwenyeji wake. Katikati ya joho kuna matundu mawili: moja refu, la kuingizia maji, na jingine lililochomoza kama faneli fupi, la kuyatolea.

Sasa tumtazame chaza mzima, taa zikiwa zimewaka kwa saa kadhaa, kwa maana usiku na alfajiri hata aliye na afya hukunja joho lake, na kumhukumu saa hizo ni kumwonea. Joho limetanda mpaka limefunika ukingo wa gamba. Tundu la kuingizia maji liko wazi kiasi, kingo zake zimetulia, wala halijavutwa likawa pana. Pitisha mkono juu ya tangi, kivuli kimwangukie. Ukingoni mwa joho ana vijicho vidogo vingi sana, visivyo na lenzi, vinavyotambua mwanga unapopungua ghafla, na chaza mzima hushtuka papo hapo: joho linarudi ndani, gamba linafumba kidogo, maji yanatoka kwa mkupuo, na baada ya muda mfupi anaanza kujitandaza tena. Jaribio hili lifanywe mara moja moja tu, kwani chaza huzoea kivuli cha mwenye nyumba akaacha kukijali, nawe ukaja kumdhania ni mgonjwa.

Aliyeachama ni rahisi kumtofautisha ukishamwona mara moja. Gamba liko wazi, lakini joho limerudi ndani badala ya kutanda. Tundu la kuingizia maji limenyooshwa likawa kama mdomo wa mtu anayepiga mwayo, na matamvua yanaonekana mpaka ndani. Kivuli kikipita, hujikunja polepole, au hajikunji kabisa. Kinachonifanya nihofu ni mambo hayo mawili kutokea pamoja, yaani gamba kuwa wazi huku joho likiwa limekunjwa. Kufumba kwa ghafla mara chache kwa siku, akatoa maji kama mtu anayekohoa, si ugonjwa; huo ndio usafi wake.

Kuhusu rangi nitasema jambo ambalo huenda likawaudhi wauzaji: uzuri wa rangi hauniambii mengi. Rangi ya buluu au ya kijani inayong'aa hutokana na chembe zinazoakisi mwanga, na inaweza kubaki ikimetameta wakati mwani unapungua. Ninachokitafuta ni ile rangi ya hudhurungi iliyo chini yake, kwa sababu hiyo ndiyo ya mwani. Joho likianza kuwa jeupe au kupenyeza mwanga, na mara nyingi weupe huo huanzia katikati, basi mwani unamtoka, ama kwa joto lililozidi, ama kwa taa kali aliyowekwa chini yake bila kuzoeshwa, ama kwa maji yaliyosafishwa kupita kiasi. Hili la mwisho huwashangaza wengi. Chaza hufyonza amonia na naitreti kutoka majini, na tangi ambalo naitreti yake imefikishwa sifuri linaweza kumpa njaa huku mwenye tangi akijisifu kwa usafi.

Ushahidi ninaouamini zaidi ni ukingo wa gamba. Mwangalie kwa upande, pale joho linapokutana na gamba: anayekua huwa na ukanda mpya mweupe, safi, usio na mwani wala uchafu. Ukanda huo haujengwi bila malighafi, kwa hiyo nashikilia kalsiamu kati ya miligramu 400 na 450 kwa lita, alkalini (uwezo wa maji kuzuia asidi) kati ya 8 na 11 kwa kipimo kiitwacho dKH, chumvi sehemu 35 kwa 1,000, na joto la nyuzi 24 hadi 27. Mwezi ukipita bila weupe mpya kwa chaza mdogo, naanza kupima maji kabla dalili nyingine haijajitokeza.

Ikiwa maji ni sawa na bado amenywea, mchunguze usiku kwa tochi hafifu. Kuna konokono weupe, wadogo kama punje za mchele, wanaojificha mchana chini ya gamba karibu na tundu la mguu, yaani uwazi anaotolea nyuzi za kujishikiza jiweni, kisha hupanda gizani kumfyonza. Waondoe kwa mkono pamoja na mayai yao yaliyo kama ute, urudie kwa wiki kadhaa. Mnyoo wa miiba anayekutwa ndani ya chaza aliyekufa hulaumiwa sana, ingawa mara nyingi amefika msibani baada ya mauti. Kama sehemu ya ukingo wa joho imejivuta ndani, ikakunjamana mithili ya upindo wa nguo uliovutwa uzi, wafugaji wengi humwogesha katika maji yasiyo na chumvi, yenye joto na pH (kipimo cha uasidi) sawa na ya tangi, kwa dakika 20 hadi 30.

Hapo neno moja la tahadhari: unapomwinua, usimvute. Chini yake ana nyuzi alizojishikiza nazo jiweni, na zikinyofolewa pamoja na tezi inayozitoa, aghalabu hatapona. Zikate kwa wembe karibu na jiwe, au mwinue pamoja na jiwe lake.

Na akiwa ameachama, ukamgusa joho kwa kidole asijikunje hata kidogo, mtoe siku hiyo hiyo, umnuse. Nyama yake huoza upesi, na katika tangi dogo amonia inayotoka humo inaweza kuwaua samaki kabla hakujapambazuka.