Antena Nne Mezani: Kujua Wimbi Linatoka Wapi

Habari za mchana, na asanteni kwa kuja. Hizi antena nne nimezisimamisha kwenye mstari mmoja, kila moja ikiwa sentimita 6.25 kutoka kwa jirani yake. Ruta ile ya Wi-Fi pale inarusha mawimbi ya gigahezi 2.4, ambayo urefu wake ni takribani sentimita 12.5. Nimechukua nusu.

Ruta ikiwa mbele yetu kabisa, wimbi linazifikia antena zote kwa mpigo. Nikiisogeza digrii 30 kulia, antena ya kulia inapata kwanza, na kila inayofuata inasubiri wimbi litembee kama sentimita 3.1 zaidi. Hiyo ni robo ya wimbi, yaani digrii 90 za awamu (awamu ni mahali wimbi lilipofika katika mzunguko wake; mzunguko mzima ni digrii 360). Tunasoma basi: 0, 90, 180, 270. Orodha hiyo, ikiandikwa kwa namba changamano (namba zenye sehemu mbili, zinazoweza kubeba awamu), ndiyo vekta ya uelekezo ya pembe hiyo. Kila pembe ina yake. Kompyuta inazipitia moja moja na kuuliza ipi inafanana na kilichopokelewa. (Mbele na nyuma haiwezi kuzitofautisha, mstari ni mstari.)

Mmoja wenu kaniuliza pale mlangoni: si tuzitawanye antena ili tuone vizuri zaidi? Zitawanye, lakini ukifika sentimita 12.5, ruta ya digrii 30 kulia inatoa tofauti ya 180, na ya kushoto hasi 180. Kwenye duara, hapo ni pale pale. Umepotea.

Kwa antena nne mwale wetu, yaani upande tunaoutazama kwa mara moja, ni mnene, karibu digrii 25, kwa hiyo ruta mbili zilizokaribiana zinaonekana moja. Mwaka 1969 mtafiti Capon, akishughulika na vipima mitetemo ya ardhi vya Montana, Marekani, alieleza njia ya kuupitisha upande unaotazamwa huku pande nyingine zikinyamazishwa kadiri inavyowezekana. Baadaye mtafiti mwingine, Schmidt, akaleta njia iitwayo MUSIC, inayotenga kelele na mawimbi kabla ya kutafuta pembe. Hesabu nzuri sana zote mbili.

Ila mimi hesabu haikuniokoa. Nilipoanza, na antena mbili tu, ruta ilikuwa mbele yangu na mashine ikasisitiza iko digrii 14 pembeni. Siku mbili nilikagua programu. Kumbe waya mmoja wa koaksia, ule wa kuleta wimbi kutoka kwenye antena, ulizidi mwenzake kwa sentimita moja. Ndani ya waya ule wimbi hufupika hadi sentimita nane na kidogo, hivyo sentimita moja ni zaidi ya digrii 40 za awamu. Nikachukua koleo, nikakata.