Diski ya Seva Imejaa na SSH Haifunguki: Tuingie Tena Bila Kupoteza Data

Habari zenu watazamaji, karibuni.

Tovuti imezima. Unajaribu kuingia kwa SSH, yaani njia ya kuiendesha seva ukiwa mbali, kishale kinapepesa tu, dakika inapita, halafu unakatwa. Ukiangalia paneli ya mtoa huduma, seva inaonekana iko hai. Kama hapo ndipo ulipo sasa hivi, acha shughuli nyingine tufanye hii pamoja. Mimi natumia Ubuntu. Kwa Debian ni vilevile.

Kwa nini diski ikijaa pomoni unafungiwa nje? Kwa sababu kuingia kwenyewe kunahitaji kuandika. Mfumo unaandika kwamba fulani ameingia saa fulani, terminali inafungua mafaili ya muda ndani ya /tmp, na kwenye baadhi ya huduma za wingu kuna programu ndogo inayoandika ufunguo wako ndani ya diski kabla hujakaribishwa. Nafasi ikiwa sifuri, mojawapo ya hayo inakwama nawe unabaki mlangoni. Kwa hiyo usianze kubadilisha nenosiri. Halina kosa.

Kabla hujagusa kitu, piga snapshoti ya diski, yaani nakala ya diski nzima kama ilivyo sasa, kutoka kwenye paneli. Inatengenezwa nje ya mashine, kwa hiyo haihitaji nafasi ndani ya diski iliyojaa. Naomba sana usiruke hatua hii. Data nyingi ninazoona zikipotea hupotea wakati wa kusafisha, pale mtu mwenye hofu anapofuta kitu asichokijua.

Sasa tujaribu mlango wa kwanza. Usifungue terminali kamili, tuma amri moja tu, df, inayoonyesha nafasi ya diski:

ssh root@anwani-ya-seva 'df -h'

Amri ikienda hivi peke yake, yanayoandikwa njiani ni machache, na mara nyingi inapita. Nimetumia root, msimamizi mkuu wa mfumo, kwa makusudi. Mfumo wa mafaili wa ext4 kwa kawaida humtengea root asilimia 5 ya diski ambayo watumiaji wengine hawaigusi. Kwenye diski ya GB 40 hiyo ni GB 2 nzima. Lakini seva nyingi zimemzuia root kuingia kwa SSH, na hii yangu ni mojawapo. Imekataa. Mlango wa pili ni konsoli iliyo ndani ya paneli, ambayo ni sawa na kukaa mbele ya kibodi ya mashine yenyewe. Shida yake ni kwamba inataka nenosiri, na wanaoingia kwa ufunguo peke yake huwa hawana.

Basi tunakwenda hali ya uokoaji. Kwenye paneli tafuta Rescue, washa, kisha anzisha mashine upya. Seva sasa inawaka kwa mfumo mwingine mdogo, na diski yako imelala pembeni kama diski ya kawaida, hakuna programu inayoiandikia. Kama mtoa huduma wako hana kitufe hicho, zima mashine, ichomoe diski, ichomeke kwenye seva nyingine. Kuanzia hapa kazi ni moja.

Andika lsblk, amri inayoorodhesha diski na sehemu zake. Tazama skrini yangu: vda1 yenye GB 39.9, vda14 yenye MB 4, na vda15 yenye MB 106. Hizo mbili ndogo ni za kuwashia mfumo, ziache zilivyo. Tunaitaka hiyo kubwa. Kwako inaweza kuitwa sdb1 au vdb1, kwa hiyo angalia ukubwa, usikariri jina. Tuifungue ndani ya folda ya /mnt, kisha tuipime:

mount /dev/vda1 /mnt
df -h /mnt
df -i /mnt

Amri ya pili inaonyesha GB zilizotumika: 37, zilizobaki 0. Ya tatu wengi wanaisahau, nayo inahesabu inodi, yaani idadi ya mafaili ambayo diski inaweza kubeba. Unaweza kuwa na GB 10 tupu na bado seva ikalalamika kwamba nafasi imekwisha, kwa sababu kuna mamilioni ya mafaili madogo, mara nyingi ya vikao vya PHP au foleni ya barua pepe. Ukikuta inodi ziko asilimia 100, kutafuta faili kubwa hakutakusaidia. Tafuta folda yenye mafaili mengi.

Hapa inodi ziko sawa, kwa hiyo tunamsaka aliyekula GB.

du -xh --max-depth=1 /mnt | sort -h

Mstari wa chini kabisa ni jumla ya /mnt yote. Anayekula zaidi yuko juu yake tu: /mnt/var, GB 29. Rudia amri hiyohiyo ukiingia ndani hatua kwa hatua. /mnt/var/log, GB 27. /mnt/var/log/nginx, na huyu hapa: error.log, GB 26, faili moja. Ni logi, yaani faili la kumbukumbu, ambamo nginx, programu inayohudumia tovuti, huandika makosa.

Mkono unawasha kulifuta, najua. Subiri. Faili lililojaza diski ndilo shahidi wako. Soma mistari yake 50 ya mwisho kwa tail -n 50, inakili kwenye kompyuta yako. Yangu inarudia kosa lilelile: programu ya tovuti inashindwa kuifikia hifadhidata. Bila kuisoma, ningesafisha leo na diski ingejaa tena baada ya siku chache.

Sasa lipunguze hadi sifuri:

truncate -s 0 /mnt/var/log/nginx/error.log

Kwenye uokoaji hata rm ingefaa. Lakini jizoeze truncate, kwa sababu seva ikiwa inafanya kazi, ukifuta logi ambayo programu bado imeifungua, jina linaondoka na nafasi hairudi. Liliwahi kunipata: nimefuta, df bado inasema 100. Katika hali hiyo, amri ya lsof +L1 inakuonyesha nani bado ameshikilia faili lililofutwa. Ukiianzisha upya programu hiyo, nafasi inarudi.

Vingine vya kupunguza bila wasiwasi ni vifurushi vilivyopakuliwa ndani ya /mnt/var/cache/apt/archives, vile vyenye mwisho wa .deb, pamoja na jarida la mfumo:

journalctl -D /mnt/var/log/journal --vacuum-size=200M

Usiguse kwa mkono kitu chochote ndani ya /mnt/var/lib/mysql, wala folda ya pg_wal ya PostgreSQL. Majina yake yanafanana na logi, lakini ukifuta ibdata1 au pg_wal umeibomoa hifadhidata. Logi za binlog za MySQL, zinazorekodi kila badiliko la data, zinaondolewa kutoka ndani ya MySQL yenyewe, kwa PURGE BINARY LOGS, baada ya seva kuamka, na uhakikishe hakuna seva nakili inayozisubiri. Toleo la 8.0 huziweka siku 30 usipoelekeza vinginevyo, kwa hiyo nazo huwa wakosaji.

Kabla ya kutoka, kagua kitu kimoja: ls -l kwenye folda ya .ssh ya mtumiaji wako, iliyo chini ya /mnt/home. Faili likiandikwa upya wakati hakuna nafasi, linaweza kubaki na baiti 0. Kama authorized_keys ni 0, bandika tena ufunguo wako wa umma, lipe faili ruhusa kwa chmod 600, na mwenye faili awe mtumiaji huyo. Kagua pia mipangilio iliyoguswa karibuni:

find /mnt/etc -type f -size 0 -mtime -2

Sasa umount /mnt, zima hali ya uokoaji, anzisha upya. Nimeingia! df inasema asilimia 30. Andika systemctl --failed. Washa hifadhidata kwanza, tovuti baadaye.

Kwa anayetaka kuongeza diski: growpart, amri ya kupanua sehemu ya diski, nayo hugoma diski ikiwa imejaa kwa sababu inahitaji /tmp. Ipe /tmp ya kwenye RAM:

mount -t tmpfs -o size=10M tmpfs /tmp
growpart /dev/vda 1
resize2fs /dev/vda1

Kwenye logrotate, programu inayobadilisha logi za zamani kwa mpya, weka maxsize 500M, ukikumbuka kwamba kipimo hicho kinaangaliwa logrotate inapoamka tu, na kwa kawaida ni mara moja kwa siku. Kisha tengeneza faili la akiba lisilo na data, la kushika nafasi tu:

fallocate -l 1G /akiba.img

Diski ikijaa tena, unalifuta hilo, unapata GB 1 papo hapo bila kuchagua cha kutupa. Na dirisha hili la SSH usilifunge kwanza. Fungua la pili, ingia, likikubali ndipo ufunge hili.