Nyota kwenye Mlango wa Jokofu: Je, Gharama Yake Inalipa?

Ndugu mwenyekiti, mabibi na mabwana,

Kanuni ambazo Kenya ilizitunga mwaka 2016 zinataka baadhi ya vifaa vya umeme, yakiwemo majokofu na viyoyozi, vibandikwe lebo yenye nyota, kuanzia moja hadi tano, ili mnunuzi ajue kila kifaa kinakula umeme kiasi gani kabla ya kutoa fedha zake. Nimeombwa kueleza kama lebo hiyo inastahili gharama yake. Naamini inastahili, ila kwa vifaa vichache tu, na pale ambapo kuna anayehakiki kilichoandikwa juu yake.

Karatasi yenyewe ni ya bei ndogo. Fedha nyingi huenda kwenye maabara, usajili wa kila modeli na wakaguzi wanaozunguka madukani, na kwa kawaida mwagizaji huziingiza kwenye bei, hivyo anayelipa mwishowe ni mnunuzi. Basi tumpigie hesabu mnunuzi huyo. Tuseme majokofu mawili yana ukubwa mmoja, moja likitumia uniti 400 kwa mwaka na jingine 250. Kwa bei ya shilingi 25 kwa uniti, tofauti yake ni shilingi 3,750 kila mwaka, kwa miaka yote ambayo jokofu litakaa jikoni. Tofauti hiyo haionekani kwa macho, kwa kuwa imo ndani ya kompresa, yaani mashine inayosukuma gesi ya kupozea, na katika unene wa kuta za jokofu, na hapo ndipo lebo inapofanya kazi ambayo mnunuzi hawezi kujifanyia mwenyewe. Birika la umeme ni jambo jingine kabisa: karibu umeme wote unaoingia hugeuka joto, liwe la bei ghali au la bei nafuu, na kulibandika nyota ni kupoteza fedha.

Hata kwa jokofu, namba ya kwenye lebo ina mipaka yake. Kipimo cha kimataifa hupima jokofu katika chumba chenye nyuzijoto 16 na kingine chenye 32, na ulaji wa mwaka hukadiriwa kutokana na vipimo hivyo viwili. Jokofu la jikoni Mombasa, ambako kwa kawaida joto halishuki hadi hizo 16, litakula uniti zaidi ya namba iliyokadiriwa kwa nchi ya baridi. Nyota za kulinganisha modeli na modeli bado zina maana, lakini familia isipange bajeti ya tokeni kwa kutegemea namba hiyo.

Vilevile lebo haimfikii kila mtu. Mpangaji hulipia umeme wa kiyoyozi alichokichagua mwenye nyumba, na anayenunua jokofu la mtumba mara nyingi haoni lebo yoyote. Ghana ilikabili tatizo hili la pili kwa kupiga marufuku uingizaji wa majokofu yaliyotumika kuanzia mwaka 2013, hatua iliyowaumiza wafanyabiashara wadogo, na ambayo hata hivyo naiona ilikuwa sahihi, kwa sababu jokofu kuukuu humgharimu maskini kila mwezi.

Kama fedha ni chache, ningependa za kwanza zitumike kununua majokofu madukani bila kutoa taarifa, kuyapima upya, na kutangaza matokeo hadharani kwa jina la kila modeli.