Jinsi ya Kufungua Kampuni ya Udalali wa Mizigo ya Malori Marekani, Kuanzia Leseni Hadi Mzigo wa Kwanza

Karibuni watazamaji. Video hii ni ya yule anayetaka kufungua kampuni yake mwenyewe ya udalali wa mizigo hapa Marekani. Hatuzungumzii kuendesha lori, wala kuwa dispacha, yule anayemtafutia mwenye lori mizigo. Tunazungumzia kusimama katikati ya kiwanda chenye mzigo na kampuni yenye lori, ukapanga safari na kubaki na tofauti ya bei. Huhitaji lori, ghala wala leseni ya CDL ya kuendesha malori, na serikali ya shirikisho haina mtihani wa kukufanyisha. Ndiyo maana wengi huingia kwa kishindo na wengi hufunga kimyakimya. Makaratasi ni ya wiki chache tu. Biashara yenyewe imeshikwa na mambo mawili: pesa ya kuzungusha, na jicho la kumjua unayemkabidhi mali ya mtu. Makaratasi tutayapita haraka, kisha tukae kwenye hayo mawili.

Hatua ya kwanza, kampuni. Sajili LLC, aina ya kampuni inayotenganisha mali yako na madeni ya biashara, katika jimbo lako, kisha chukua namba ya kodi ya EIN kutoka IRS, mamlaka ya kodi ya shirikisho. Namba hiyo hutolewa bure, kwa hiyo tovuti inayokudai pesa ili ikupatie EIN si ya IRS. Fungua akaunti ya benki ya kampuni, mbali na akaunti yako. Halafu andika jina la kampuni mahali, herufi kwa herufi, na nukta zake. Jina hilohilo ndilo litakalotumika kwenye ombi la leseni, kwenye bondi, yaani dhamana yako ya fedha, na kwenye kila karatasi itakayofuata. Ukiandika "LLC" hapa na ukaiacha kule, mafaili hayakutani na ombi lako linakaa bila kusogea huku ukidhani serikali inachelewa.

Hatua ya pili, leseni ya FMCSA, mamlaka ya shirikisho inayosimamia usalama wa malori. Unajaza fomu mtandaoni, unapewa namba ya USDOT inayoitambulisha kampuni yako, unaomba kibali cha udalali. Ada ni dola 300 kwa kila aina ya kibali na hairudishwi. Tulia kwenye ukurasa wa kuchagua aina. Wewe unataka udalali wa mizigo ya kawaida, si wa vyombo vya nyumbani vya watu wanaohama, maana huo una kanuni zake nyingine. Ukichagua kimakosa, unalipa dola 300 nyingine.

Ombi likitangazwa, kuna siku 10 ambazo mtu anaweza kulipinga. Tumia siku hizo kukamilisha vitu viwili. Kimoja ni fomu ya BOC-3, inayotaja mawakala wa kupokea hati za mahakama kwa niaba yako. Kuna kampuni zinazokuwekea wakala katika majimbo yote kwa malipo madogo ya mara moja. Cha pili ni bondi, tutaifikia sasa hivi. Kisha kuna UCR, usajili wa kila mwaka, ambao kwa dalali asiye na malori uko kwenye daraja la chini kabisa la ada.

Tahadhari kidogo hapa. Ombi lako ni taarifa ya wazi, kila mtu anaiona. Mara tu likiingia, simu na barua zitaanza, nyingine zikiwa na nembo zinazofanana na za serikali, zikidai umechelewa kulipa kitu fulani. Usilipe chochote kupitia simu uliyopigiwa. Ingia mwenyewe kwenye tovuti ya FMCSA uangalie kama kweli kuna deni.

Sasa bondi. Sheria inakutaka uwe na dhamana ya dola 75,000. Kabla ya Oktoba 2013 ilikuwa 10,000, ikapandishwa ili madereva wasiendelee kudhulumiwa na madalali wanaokula pesa na kupotea. Kuna njia mbili. BMC-84 ni bondi ya kampuni ya dhamana: unalipa ada ya mwaka, wao wanasimama nyuma yako kwa 75,000. Kwa mwenye historia nzuri ya mikopo, ada inaweza kuwa karibu asilimia 2, yaani dola 1,500. Kwa mwenye historia mbaya, inaweza kupita asilimia 10, zaidi ya 7,500. BMC-85 ni mfuko wa amana, ambapo fedha zenyewe ndizo zinazowekwa. Wengi wanaoanza huchukua BMC-84.

Watu wengi hukosea wanapodhani bondi ni bima yao. Bondi inamlinda mwenye lori na mwenye mzigo dhidi yako. Usipomlipa mwenye lori, anadai kwenye bondi, kampuni ya dhamana inamlipa, kisha inakugeukia wewe irudishiwe hadi senti ya mwisho. Bondi ikifutwa, na leseni inaondoka nayo.

Bima zako mwenyewe ni kitu kingine. Sheria haikulazimishi, lakini wateja wengi wakubwa watakudai bima ya ziada ya mizigo, ile inayosimama pale bima ya mwenye lori inapokataa, pamoja na bima ya jumla ya biashara.

Leseni imetoka. Sasa tuongelee pesa, na hapa chukua kalamu.

Tuseme una mteja wa Dallas anayepeleka vigae vya sakafu Atlanta, maili 780 hivi. Anakulipa dola 2,150, wewe unamlipa mwenye lori 1,850, unabaki na 300, kama asilimia 14. Kwenye karatasi inapendeza. Lakini mteja analipa baada ya wiki tano. Mwenye lori, kwa kuwa kampuni yako ni mpya na hakuna anayejua unavyolipa, anataka pesa ndani ya wiki moja. Pengo hapo ni wiki nne. Ukipeleka mizigo mitano kwa wiki, unatoa 9,250 kila wiki. Zidisha mara nne: 37,000 ziko nje kabla mteja hajakulipa hata senti. Na kadiri unavyopata kazi zaidi ndivyo shimo linavyozidi kwenda chini. Kampuni nyingi za udalali huanguka wakati zina kazi tele, kwa sababu hii hasa.

Njia za kuziba pengo ni tatu: akiba yako, mkopo wa benki, au faktaringi, yaani kampuni inayonunua ankara zako leo kwa kukata asilimia kadhaa, kisha inamsubiri mteja wako. Faktaringi inasaidia, ila soma mkataba. Mingi inasema mteja asipolipa, deni linarudi kwako. Tena ada yao inakatwa kwenye ankara nzima, si kwenye faida yako. Asilimia 3 ya 2,150 ni dola 64.50, na zinatoka kwenye zile 300.

Kwa sababu hiyohiyo, chunguza uwezo wa mteja wa kulipa kabla hujabeba mzigo wake wa kwanza, na umwekee kikomo cha deni. Mteja akifilisika, bado una deni kwa kila lori lililobeba mali yake. Dereva ameshachoma dizeli yake, hakosi haki yake kwa sababu wewe ulimwamini mtu vibaya.

Wateja unawapata wapi? Usianze na majina makubwa, hayo yana orodha ya madalali iliyofungwa. Anza na viwanda vya kati: mbao, vigae, vifungashio, vyuma chakavu, chakula cha mifugo. Chagua aina moja ya trela na njia chache, uzijue bei zake vizuri. Ukimpata msimamizi wa usafirishaji, usimwambie una bei nafuu, kila anayempigia anasema hivyo. Muulize ni njia ipi inayomsumbua, malori yanachelewa siku gani, mzigo una uzito gani na pallet ngapi, kupakia kunachukua saa ngapi. Usiahidi bei hapohapo. Tazama kwanza bei za soko kwenye DAT au Truckstop, mitandao ambayo madalali hutangazia mizigo.

Na jambo moja lisilo na mjadala: usichukue mzigo kwa dalali mwingine ukijifanya una lori, kisha ukampa mtu mwingine aubebe. Kufanya kazi ya dalali bila kibali kuna faini ya maelfu ya dola kwa kila kosa. Na hata mwenye leseni akiupitisha mzigo chini kwa chini, anayeumia ni dereva aliyeubeba, maana hajui nani wa kumdai.

Sasa mzigo wa vigae uko mkononi. Kabla hujautangaza, piga hesabu ya saa za dereva. Sheria inampa saa 11 za kuendesha ndani ya dirisha la saa 14, baada ya kupumzika saa 10. Tuseme ameanza siku saa mbili asubuhi, mzigo unapakiwa saa nane mchana, anatoka Dallas saa kumi. Dirisha lake linafungwa saa nne usiku. Kwa wastani wa maili 55 kwa saa, amekwenda maili 330. Analala hadi saa mbili asubuhi, zimebaki maili 450, ongeza mapumziko ya nusu saa. Atafika karibu saa kumi na moja jioni kwa saa za Dallas, ambayo Atlanta ni saa kumi na mbili, maana huko wako mbele saa moja. Ghala limefungwa. Kwa hiyo aliyepakia Jumatatu, miadi yake ni Jumatano asubuhi. Dalali anayemwahidi mteja Jumanne anamlazimisha dereva avunje sheria au yeye aonekane mwongo. Miadi yote iandike kwa saa za mahali husika.

Uzito nao usikisie. Lori lililopakia haliruhusiwi kuzidi pauni 80,000 kwa jumla, na trela la boksi la futi 53 kwa kawaida hubeba pauni 44,000 au 45,000 hivi. Vigae ni vizito, uzito unaisha kabla nafasi haijaisha. Mteja akisema "kama 44,000", mwambie akupe namba ya kwenye mizani.

Umetangaza, simu zinaingia. Hapa ndipo penye wizi, na uchunguzi wa dakika 15 ndio unaokuokoa. Fungua kumbukumbu za FMCSA, weka namba ya USDOT ya kampuni inayotaka mzigo. Kuwa na USDOT pekee hakutoshi: kibali cha kubeba mizigo ya watu kwa malipo kiwe hai. Angalia kilitolewa lini, ina malori mangapi, imekaguliwa barabarani mara ngapi. Kampuni inayodai malori 20 na haijawahi kukaguliwa hata mara moja, iache.

Kisha fanya hili bila kuruka: kata simu, upige mwenyewe namba iliyo kwenye kumbukumbu za FMCSA, uulize kama kweli wao ndio wanaotaka mzigo wako. Wezi huazima jina la kampuni halali na kutumia barua pepe iliyozidishwa herufi moja. Kama namba kwenye kumbukumbu imebadilishwa siku chache zilizopita, simama hapo.

Cheti cha bima kiombe kwa wakala wa bima moja kwa moja, si kwa mwenye lori. Sheria inataka angalau dola 750,000 za dhima, yaani bima ya madhara kwa watu na mali zao, kwa mizigo ya kawaida, lakini madalali wengi hudai 1,000,000, na 100,000 za bima ya mzigo wenyewe. Muulize wakala maswali mawili: je, lori hili limo kwenye orodha ya bima? Na kuna bidhaa zilizotolewa kwenye bima ya mzigo? Mzigo wa friji unaweza kukosa fidia kabisa kama mashine ya kupoza ikiharibika na bima haikutaja hitilafu hiyo.

Mkisaini mkataba na mwenye lori, toa hati ya bei ya safari hii. Andika humo kila kitu: anwani, miadi, uzito, aina ya trela, bei, siku ya kulipa, katazo la kumpa mtu mwingine mzigo, na malipo ya kusubiri. Kwa kawaida saa mbili za kwanza ghalani ni bure, baada ya hapo dereva hulipwa kwa saa. Kubaliana na mteja kiwango hicho kabla, la sivyo kitatoka mfukoni mwako. Chukua jina la dereva, namba ya lori na ya trela, umpe mteja pamoja na jina la kampuni ya lori, na umwombe mlinzi wa geti avilinganishe na dereva aliyefika, lori lake na jina lililo mlangoni mwa lori. Visipofanana, mzigo usitoke. Na kwenye hati ya mzigo, karatasi inayosafiri na mzigo, jina la msafirishaji liwe la mwenye lori. Likiandikwa lako, unaweza kudaiwa uharibifu kana kwamba wewe ndiye uliyebeba.

Mzigo ukishushwa, omba siku hiyohiyo hati iliyosainiwa na mpokeaji, uisome. Kama ameandika "boksi 6 zimevunjika", mjulishe mteja na mwenye lori kabla hujatuma ankara. Kisha funga faili: nani alituma, nani alibeba, namba ya hati ya mzigo, ulilipwa kiasi gani na nani, ulimlipa mwenye lori lini. Kanuni inataka uitunze miaka 3, na wahusika wa safari hiyo wana haki ya kuiona. Mwenye lori akiomba, mtumie. Naye mlipe tarehe ileile uliyoandika kwenye hati ya bei, hata kama mteja bado hajalipa.