Jinsi ya kuandaa vatna, manjano ya bi harusi wa Kipunjabi

Karibuni. Leo tunachanganya vatna, mchanganyiko mzito wa manjano ambao Wapunjabi humpaka bi harusi siku moja au chache kabla ya ndoa, kwenye shughuli iitwayo maiyan. Bwana harusi naye hupakwa, ila kwao. Watu wa pwani mtaona ni ndugu wa singo, ile ya kumsugulia bi harusi.

Chukua bakuli, weka vijiko 4 vikubwa vya unga wa dengu. Tia manjano ya unga, kijiko 1 cha chai. Usizidishe! Wapo wanaomwaga nusu pakiti, halafu siku ya ndoa bi harusi bado ana shingo ya njano kwenye kila picha. Sasa mimina mafuta ya haradali kidogo kidogo huku ukikoroga kwa vidole. Tazama hapa: ikichuruzika, ongeza unga, ikimeguka ukiifinya, ongeza mafuta. Tunataka ile inayoganda kidoleni ikatulia. Mafuta ya haradali huwasha baadhi ya watu, kwa hiyo jana yake mpake kidogo mkononi, upande wa ndani wa kiwiko, uone.

Tandika sehemu ya kukaa. Chora rangoli, yaani mapambo ya unga wa rangi, sakafuni, weka ubao mfupi, bi harusi akae juu yake na nguo asiyoionea uchungu. Wanawake wanne washike pembe za phulkari, ile shali iliyotariziwa maua, waitandaze juu ya kichwa chake kama paa.

Kupaka sasa. Ndugu wapokezane: miguu, magoti, mikono, mwisho uso. Huku nyuma wanawake wanaimba suhag, nyimbo za bi harusi. Kwa bwana harusi huimbwa ghorian. Binamu watataka kumpaka mpaka nywele. Waacheni, maiyan bila utani hainogi. Lindeni macho tu.

Ikianza kukauka, usiikwangue. Isugue taratibu kwa kiganja, itoke vipandevipande pamoja na taka za ngozi, ndipo aende kuoga. Katika familia nyingi mjomba ndiye humwinua kutoka kwenye ubao. Baada ya hapo, kwa desturi, bi harusi hatoki nyumbani mpaka harusi.

Doa likibaki kwenye nguo, fua kwa sabuni kisha anika juani. Jua hufifisha manjano kuliko kusugua.