Nyuzi Zilizopishana: Biber na Rozari ya Fidla

ANASTAZIA: Karibuni tena wasikilizaji. Nipo na kaka yangu Khamis, na leo nataka kusimulia jioni moja ambayo haijanitoka moyoni.

KHAMIS: Tangu arudi safari ni habari hiyo hiyo kwenye simu! Haya dada, waambie na wenzetu.

ANASTAZIA: Nilikuwa Ujerumani, nikaingia kanisani kusikiliza muziki wa kale, ule unaopigwa kwa ala za zama zake, fidla zenye nyuzi za utumbo wa kondoo. Mtunzi ni Heinrich Biber, jina nisilolijua kabisa. Kutazama karatasi ya ratiba, nakuta Rozari, ile sala ya Wakatoliki ya kuhesabu shanga. Khamis, mimi nimelelewa na bibi aliyetupigisha magoti kila jioni. Kumbe kuna mtu alitunga sonata 15, yaani vipande vya muziki wa ala, moja kwa kila tendo la Yesu na Maria linalotafakariwa kwenye sala hiyo: ya furaha, ya uchungu, ya utukufu.

KHAMIS: Mtu wa lini?

ANASTAZIA: Alizaliwa Bohemia, Ucheki ya leo, mwaka 1644. Alikuwa mwanamuziki wa askofu kule Kroměříž. Mwaka 1670 akatumwa kwa Jacob Stainer, fundi wa kutengeneza fidla, kununua ala, akaondoka moja kwa moja, hakurudi! Akahamia Salzburg, Austria ya leo, akafia huko 1704. Enzi zake alisifika sana kwa fidla. Lakini sonata hizi zilibaki kwenye hati moja tu, ambayo iko maktaba ya Munich, na ukurasa wenye jina la kitabu umepotea. Zilichapwa 1905.

KHAMIS: Miaka 200 hati imelala.

ANASTAZIA: Imelala. Sasa sikiliza. Mpigaji alikuja na fidla kadhaa, kazipanga mezani. Nikashangaa, mtu mmoja fidla zote hizi za nini? Kumbe Biber anataka nyuzi zibadilishwe sauti karibu kila sonata. Vipo vipande 16, zile sonata 15 na kimoja cha kufungia, na ni cha kwanza na cha mwisho tu vinavyotumia sol-re-la-mi, sauti za kawaida za nyuzi nne za fidla kuanzia nene hadi nyembamba. Kwenye tendo la Yesu kutoka jasho la damu, nyuzi zimewekwa sauti zinazogombana. Fidla inalia kama mtu aliyekabwa koo.

KHAMIS: Na Ufufuko je?

ANASTAZIA: Hapo ndipo nilipoinuka kitini. Nyuzi mbili za katikati zimepishanishwa, wa pili umekwenda mahali pa wa tatu, na wa tatu mahali pa wa pili. Nyuma ya daraja la fidla, kile kibao kinachoinua nyuzi, unaona msalaba mdogo, kwa macho yako.

KHAMIS: Zimewekwa sauti gani?

ANASTAZIA: Sol, sol, re, re.

KHAMIS: Subiri kwanza. Kwenye muziki wa Kiarabu wapiga fidla wengi hushusha nyuzi mbili nyembamba: la inakuwa sol, mi inakuwa re. Unapata sol-re-sol-re. Ukizipishanisha za katikati...

ANASTAZIA: ...unapata ya Biber!

KHAMIS: Ile ile! Kwa hiyo nyuzi mbili zinazokaa jirani zina sauti moja, ya chini na ya juu. Kidole kikizibana pamoja, wimbo unatoka mara mbili, kama baba na mwana wanaimba.

ANASTAZIA: Ndivyo nilivyosikia. Mle ndani kuna wimbo wa zamani wa Pasaka, Kristo amefufuka leo, na ulikuja kama umati mzima umeingia kanisani. Halafu kwenye kile kipande cha mwisho ala nyingine zote zikanyamaza, ikabaki fidla peke yake. Kwenye hati kuna picha ya malaika mlinzi amemshika mtoto mkono. Noti nne zinashuka, zinarudi, mara 65, na juu yake fidla inatangatanga kama yule mtoto. Nilimkumbuka bibi, nikalia.

KHAMIS: Pole, dada yangu.

ANASTAZIA: Yalikuwa machozi mazuri.

KHAMIS: Fidla yangu iko hapa, na tayari ni sol-re-sol-re. Nipe dakika nizilegeze hizi mbili za katikati, nizipishanishe. Wewe shika hapa darajani, lisianguke.