Kazi Tatu za Mikono za Kuwafundisha Watoto Kuhusu Ochoa, Huerta na Clemente

Mtazamaji mpendwa, karibu. Kuanzia tarehe 15 Septemba hadi tarehe 15 Oktoba, shule nyingi za Marekani huadhimisha urithi wa raia wenye asili ya Kihispania, na mara nyingi mtoto hupewa picha ya mtu mashuhuri aipake rangi. Picha hiyo humwonyesha sura tu. Leo tutampa mtoto kipande kidogo cha kazi yenyewe.

Tuanze na Ellen Ochoa, ambaye mwezi Aprili 1993 alisafiri kwa chombo cha Discovery na kuwa mwanamke wa kwanza mwenye asili ya Kihispania kufika anga za juu. Watoto hukimbilia roketi (na filimbi aliyoipiga huko juu), lakini kabla ya safari hiyo alikuwa mhandisi, mmoja wa wavumbuzi wa mfumo wa kukagua vitu kwa mwanga ili kubaini kasoro. Chukua karatasi mbili nyembamba za kunakilia, kisha chora kwenye ya kwanza safu za miraba midogo yenye nukta katikati. Nakili mchoro huo kwenye karatasi ya pili, ila uache nukta mbili bila mtoto kuona. Mpe kwanza karatasi zikiwa kando kwa kando azikague kwa macho. Baadaye azilaze moja juu ya nyingine kwenye kioo cha dirisha lenye mwanga, akizisogeza taratibu mpaka mistari ilingane. Nafasi zenye upungufu zitaonekana upesi. Sasa izungushe karatasi ya juu kidogo tu: mchoro wote utavurugika, na hapo mweleze kwamba Ochoa na wenzake walibuni pia njia ya kutambua kitu hata kikiwa kimegeuzwa.

Kazi ya pili ni ya Dolores Huerta, aliyeanzisha pamoja na César Chávez, mwaka 1962, chama cha wafanyakazi wa mashambani huko California, na ambaye ndiye aliyekaa mezani kujadiliana mikataba na wenye mashamba ya zabibu. Bendera ya chama hicho ina tai mweusi ndani ya duara jeupe, juu ya kitambaa chekundu. Usimpe mtoto kielelezo cha kukata. Mpe rula, penseli, mkasi na karatasi nyeusi ya manila, achore mbawa zinazopungua kwa ngazi kuelekea chini. Tai huyo alichorwa kwa mistari iliyonyooka makusudi, ili wafanyakazi waweze kujitengenezea bendera wenyewe.

Kazi ya mwisho ni fupi, ingawa inawafaa zaidi watoto wakubwa. Roberto Clemente wa Puerto Rico, mchezaji wa besiboli wa Pittsburgh Pirates, alifariki tarehe 31 Desemba 1972, wakati ndege iliyokuwa ikipeleka misaada kwa waathirika wa tetemeko la ardhi la Managua, Nikaragua, ilipoanguka baharini. Weka mizani ya jikoni, boksi tupu na vitu vya msaada mezani, kama vile maziwa ya unga, bandeji, sabuni na blanketi dogo, kisha uweke kikomo cha kilo 3. Watoto wapime, wabishane, na waandike kwenye kadi sababu ya kila kitu walichokiacha. Wakiuliza kikomo ni cha nini, waambie ukweli: ndege ile ilikuwa imepakiwa kupita uwezo wake.